Mla Jana Kala Nini

Siku niliyowaarifu jamaa zangu kwamba nimekubaliwa kwenda kusomea shahada ya uzamili katika taaluma ya makumbusho, ami yangu aliweka kikombe chake cha kahawa chini taratibu, akanitazama kwa huruma kama mtu amtazamavyo mgonjwa, kisha akasema: "Mwanangu, mla ni mla leo. Mla jana kala nini?"

Barazani tulikuwa watu saba. Wote walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa kuwa methali ikishatua mahali pake haina mjadala. Ami ni mfanyabiashara wa samaki. Kwake yeye cha jana ni kile kilichoshuka bei, na cha juzi ni kile ambacho hata paka hukisitia. Sikuona namna ya kumshawishi mtu kama huyo kwamba yuko tayari mtu kulipwa mshahara ili akae na vigae, sarafu zilizoliwa na kutu na mikeka iliyokatika.

Miaka imepita tangu asubuhi ile. Katika miaka hiyo vijana kadhaa wamenijia na swali lile lile la ami, ila wao hulivika nguo nyingine: Je, nisomee taaluma hiyo? Ina kazi? Nitaishi? Nimeona nilijibu mara moja, kwa ukweli nilio nao. Hata hivyo jibu langu haliendi moja kwa moja. Linapitia maneno mawili ya lugha yetu, mji mmoja wa Uingereza, na sanduku la bibi yangu.

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, mwendo mfupi kutoka Ngomeni. Wageni huiita Fort Jesus, nasi hutosheka na Ngomeni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani wakaitwaa Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa muda unaokaribia miaka mitatu. Waingereza wakaifanya gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958. Bibi yangu, aliyeijua enzi ya gereza, hakuacha kuiita jela hata baada ya kuwa makumbusho kwa miaka mingi. "Unakwenda jela?" angeniuliza nikitoka na daftari langu, na mpita njia asiyetujua angedhani nimeshitakiwa.

Nilikuwa darasa la tano tulipopelekwa huko na shule. Tulionyeshwa vyombo vilivyotolewa katika meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuwa imekuja kuwaokoa waliozingirwa, na ambayo wapiga mbizi wa elimu ya kale walianza kuichimbua mwaka 1977. Nilisimama mbele ya vyombo vile hadi wenzangu wakaniacha. Nilimwuliza mwalimu ni nani ajuaye mambo yote haya. Akanionyesha mlango mdogo wa mbao ulioandikwa kwamba wageni hawaruhusiwi kuingia. Nadhani kila taaluma ina mlango wake. Wangu ulikuwa ule.

Sasa nije kwenye maneno.

Neno la Kiingereza la taasisi hii limetoka kwa Wayunani, waliokuwa na miungu wa kike wa sanaa na elimu. Nyumba yao ilikuwa mahali patakatifu, na mwenye kuingia huingia kwa unyenyekevu. Neno letu limepita njia nyingine. Makumbusho ni ya kukumbusha, na kukumbusha ni kitenzi chenye madai: hakikamiliki hadi pawe na mtu wa kukumbushwa. Huwezi kukumbusha ukuta. Ukisema "amekumbusha", msikilizaji atangoja kusikia ni nani aliyekumbushwa na ni jambo gani. Kwa hiyo lugha yetu imekwisha kuamua jambo ambalo wataalamu wa dunia waliligombania kwa miaka, hadi Baraza la Kimataifa la Makumbusho likapitisha fasili mpya mjini Prague mwezi Agosti 2022, fasili inayotaja ushiriki wa jamii. Kwa Mswahili, jumba lililojaa vitu na lisilomkumbusha mtu ye yote jambo lo lote ni ghala.

Neno la pili ni kuhifadhi. Tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na mizigo miwili, nasi tukaibeba yote. Mtu huhifadhi mali ili isiharibike. Na mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani, yaani huitia moyoni hata asihitaji msahafu. Mhifadhi wa makumbusho na aliyehifadhi juzuu thelathini wanatoka katika shina moja. Nilipokuwa nikiyasoma mambo haya ugenini niliyaona kuwa mapambo ya lugha. Baadaye yalinijia nyumbani kwa sura ambayo sikuitazamia.

Nilipata ufadhili wa masomo, nikaenda Leicester, ambako chuo kikuu kimekuwa na idara ya taaluma ya makumbusho tangu mwaka 1966. Nilidhani nitafundishwa historia. Nilifundishwa daftari. Juma la kwanza lote tulijifunza kwamba kitu kisichoandikwa ni kitu kilichopotea, hata kama kiko mbele ya macho yako: kila kitu kipewe namba, kila namba iandikwe kilikotoka kitu, aliyekitoa, siku aliyokitoa, hali kilivyopokewa, na rafu kilipowekwa. Kisha tukajifunza maadui. Mwanga, ambao kwa karatasi na nguo hupimwa usizidi luksi 50 hivi. Unyevu, unaotakiwa ukae karibu na asilimia 50, nami nikacheka kimoyomoyo, kwa kuwa hewa ya Mombasa mara nyingi hupita asilimia 70 bila kuomba ruhusa ya mtu. Wadudu. Vumbi. Na mikono ya watu, hasa mikono yenye nia njema.

Baada ya hapo tukaingia katika maswali ya haki, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Tulisoma habari za vigango vya Wamijikenda, nguzo za mti zinazochongwa kwa ajili ya wazee wa Gohu waliofariki, na ambazo kwa mila hazing'olewi mahali zilipopandwa. Ziling'olewa usiku, zikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, zikaishia katika majumba ya Marekani zikiitwa sanaa. Baadhi zimerudishwa tangu miaka ya 2000. Darasani palikuwa na wanafunzi kutoka nchi nyingi, na mmoja aliuliza kwa dhati kama nguzo hizo hazikuwa salama zaidi huko zilikokuwa, mbali na mchwa. Niliona uso wangu unapata moto. Nilimjibu kwamba kigango kinaruhusiwa kuliwa na mchwa. Hilo ni sehemu ya maisha yake. Kisichoruhusiwa ni kuondolewa. Mwalimu aliniomba nirudie jibu langu polepole, naye akaliandika ubaoni.

Leicester wenyewe ulinifunza somo ambalo halikuwa katika orodha ya masomo. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, baraza la mji ule lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaonya wasiende Leicester. Walikwenda maelfu, wakaungana na jamaa zao waliotangulia kutoka Kenya na Tanganyika, nao leo ni sehemu ya moyo wa mji. Jumamosi moja niliingia duka moja katika Belgrave Road kununua bizari. Mama mwenye duka, mwenye nywele nyeupe kama pamba, alisikia nikizungumza kwenye simu na mamangu. Nilipokata simu akasema kwa Kiswahili cha dukani, kikavu na kitamu: "Wewe natoka wapi? Mombasa? Karibu, karibu, kaa kwanza." Niliketi juu ya gunia la mchele nikalia. Alinitolea chai, hakuniuliza kinachoniliza.

Muhula wa pili tulipelekwa kufanya kazi katika makumbusho madogo ya mji mwingine. Nilipewa kisanduku cha vitu vilivyotolewa zawadi na familia za Waasia wa Afrika Mashariki, nikaambiwa nihakiki maelezo. Namba ya nne katika orodha ilisema: kiti kidogo cha mbao, cha kukunja, chenye ulimi wa chuma uliopinda, matumizi hayajulikani, pengine ni cha ibada. Nilikikunjua. Ilikuwa mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, kama ile niliyokalia tangu nina miaka sita, yenye meno yaliyochakaa upande mmoja kwa sababu mkunaji alitumia zaidi mkono wa kulia.

Nilimweleza msimamizi wangu. Akaniuliza chanzo cha maelezo yangu ni kipi, kitabu gani, ukurasa gani. Nikamwambia chanzo ni bibi yangu. Alifikiri kidogo, kisha akanipa kalamu ya risasi. Niliandika jina, matumizi, namna ya kukaa, kwa nini meno yamelika upande mmoja, na kwa nini chombo hiki kimepewa jina la mnyama. Sehemu ya ibada niliifuta, ingawa ukimwona bibi akikuna nazi ya futari ya mwezi wa Ramadhani, huenda usingeifuta haraka. Jioni ile nilielewa kwamba chombo kile kilikuwa kimetunzwa vizuri mno, katika joto na unyevu unaotakiwa, kwa miaka mingi, nacho kilikuwa kimepotea. Kilichopotea ni neno moja la silabi mbili.

Kabla ya kurudi nyumbani nilipanda treni hadi London, nikaenda chuo cha SOAS kuziona karatasi za William Taylor, mmishonari aliyezikusanya tungo za Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Wapenzi wa ushairi wanajua kwamba bila wawili hao sehemu kubwa ya Muyaka ingekufa na waliomhifadhi vifuani. Niliruhusiwa kalamu ya risasi tu. Nilifungua ukurasa nikaona mwandiko. Muyaka aliishi Mombasa, alitunga Mombasa, aligombana na watu Mombasa. Nami, mtu wa Mombasa, nilikuwa ninamsoma kwa mara ya kwanza katika karatasi za asili nikiwa katika chumba kimya penye baridi, maelfu ya kilomita kutoka mitaa anayoitaja. Nilishukuru na nikaumia kwa wakati mmoja. Leo sehemu ya hati hizo zimepigwa picha na mtu aweza kuziona kwa intaneti akiwa Kibokoni. Ni jambo jema. Lakini picha hainuki karatasi.

Nilirudi nyumbani mwezi Septemba nikiwa na shahada. Na hapa ndipo penye sanduku.

Bibi yangu alikuwa na sanduku la mvule la mamake. Ndani yake, chini ya kanga za arusi na vyeti vya ardhi, palikuwa na utenzi wa nasaha ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambao kwa masimulizi ya nyumbani ulitungwa na nyanya yake mzaa mama. Beti zilikuwa 214. Tulikua tukiujua kuwa upo, kama unavyojua kwamba una ini. Nilikuwa nimekusudia kuushughulikia nitakaporudi.

Masika ya mwaka ule, nilipokuwa Leicester nikiandika tasnifu kuhusu kuzuia unyevu, paa la bibi lilivuja juu ya sanduku. Maji yalikaa siku nyingi kabla ya kugunduliwa. Shangazi yangu alipoona, alifanya ambalo mtu mwenye mapenzi angefanya: alizitoa karatasi, akazianika juu ya paa katika jua kali la saa sita. Nyingine zilikunjamana zikavunjika kama papari. Nyingine zilibaki mbichi katikati, akazirudisha, na ukungu ukaota. Mchwa walikuwa wamekwisha kuingia kwa chini. Hakuna aliyeniambia, kwa kuogopa kunivurugia mtihani.

Siku nilipofungua sanduku lile sikuweza kusema. Nilikuwa na cheti kilichosema kwamba najua hasa namna ya kuzuia jambo lililokuwa mbele yangu. Shangazi alisimama mlangoni akipotoa ncha ya leso yake. Nikamwambia, "Umefanya vyema kuzitoa majini." Na ilikuwa kweli, kama angeziacha, tusingekuwa na hata moja.

Jambo la kwanza lilikuwa kuwasimamisha wadudu na ukungu. Njia isiyo na sumu ni baridi kali: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, karatasi zikiwa zimefungwa vizuri ndani ya nailoni ili zisishike maji. Nilijua mtu mmoja tu mwenye baridi ya namna hiyo. Nilikwenda kwa ami, pale anapohifadhi samaki wake karibu na Bandari ya Kale, nikamwomba nafasi katika friza. Alinitazama muda mrefu. "Maneno ya nyanya yetu," akasema, "yalale na nguru?" Kisha akatoa makasha mawili ya kamba, akaniachia rafu nzima ya juu, akawatangazia vijana wake kwamba atakayegusa mafurushi yale hana kazi. Wiki mbili zile aliuza samaki kwa hasara kidogo kwa kukosa nafasi. Hakulitaja.

Mafurushi yalipotoka niliyaacha siku nzima bila kuyafungua, ili karatasi zisitoe jasho. Kisha nikaanza kazi: brashi laini, barakoa, ukurasa mmoja kwa siku, namba kwa kila kipande, picha kwa kila namba. Nilipomaliza kulinganisha, beti 40 zilikuwa hazisomeki kabisa au hazipo.

Bibi wakati huo alikuwa haoni vizuri. Alikaa kitandani akisikiliza nikisoma kwa sauti yale yaliyobaki, na nilipofika kwenye pengo la kwanza nikanyamaza, yeye aliendelea. Hakusita. Alisoma ubeti uliokuwa umeliwa, na uliofuata, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake gizani. Nilidondosha brashi. Nilikuwa sijui kwamba ameuhifadhi. Alikuwa amefunzwa na mamake wakisuka ukili, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tulifanya kazi hiyo miezi minne, saa moja kila baada ya alasiri. Alirudisha beti 27. Katika beti mbili alisimama, akasema: "Hizi sijui kama ni zake au ni zangu." Nimeziandika pembeni na maneno yake hayo. Beti 13 hakuzipata. Binamu yangu, ambaye ni mtunzi hodari, alijitolea kuzitunga: mizani anaijua, vina anavijua, mtindo ameunyonya tangu utotoni, na kwa hakika hakuna ambaye angetambua. Tuligombana. Yeye alisema utenzi ni kitu hai, na kitu hai huponywa. Mimi nilisema tukiziba pengo kwa siri tutakuwa tumemwekea nyanya yetu maneno kinywani. Mpaka leo hatujapatana, na nakiri kwamba hoja yake ina nguvu: washairi wa pwani wameendeleza tungo za waliotangulia tangu zamani. Nilichokubali ni kwamba atunge, tuweke utunzi wake katika daftari lingine, kwa jina lake. Katika nakala ya utenzi nimeacha mistari mitupu kumi na mitatu mara nne. Bibi alifariki kabla ya masika yaliyofuata. Nikiitazama mistari ile sasa, huona kwamba hata yeye yumo humo.

Sasa kazi. Kijana aliyeniuliza hakuniuliza habari za bibi. Aliuliza habari za mshahara, naye ana haki.

Niliandika barua 19 za maombi. Nilijibiwa mbili. Taasisi moja ilinipokea kujitolea kwa miezi tisa bila malipo, kwa ahadi ya mkataba ambao haukuja. Nilifika, hatimaye, nyuma ya mlango wa namna ile niliyoota utotoni: kulikuwa na feni bovu, makabati ya chuma, na daftari lililoachwa kuandikwa miaka mingi kabla. Nilipoishiwa nauli niliingia katika ofisi ya uwakala wa forodha bandarini, nikafanya kazi mwaka na nusu nikihakiki orodha za makontena. Nilisifiwa kwa uangalifu wangu. Hawakujua nimeupata kwa kuhesabu vifungo vya shati la askari wa karne ya 19. Baadaye nilipata mradi wa mwaka mmoja wa kupiga picha hati za familia za pwani. Ulipokwisha nikapata mwingine. Leo nusu ya maisha yangu ni miradi, nusu ni kufundisha. Ajira ya kudumu sijawahi kuipata.

Anayetaka kuingia na aingie akijua haya. Katika nchi zetu mwajiri mkubwa ni serikali, na nafasi ni chache, kwa sababu anayeingia hukaa hadi kustaafu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la makumbusho, hivyo mlango wa pili upo kisheria. Kufunguka kwake kunategemea bajeti na utashi wa kila kaunti. Kuna nyaraka za taifa, vyuo vikuu, makumbusho ya jamii, na miradi ya wafadhili inayokuja kama mvua za vuli: haina hakika, lakini mwenye kupanda huvuna kidogo. Hatari nayo ni ya kweli. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Tusiwe na taaluma hii ni anasa ya wapenda mapambo. Uzembe ndani yake huua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usianze na makumbusho. Anza na elimu ambayo makumbusho yanaihitaji na ambayo hata nje yake ina bei: akiolojia, kemia, usanifu wa majengo, uhasibu, ualimu, lugha. Taaluma ya makumbusho iwe ghorofa ya pili. Jifunze ufundi mmoja wa mkono hadi wakutafute wao: kutengeneza karatasi iliyochanika, kupiga picha za hati, kujenga kabati lisiloingia mdudu. Na wewe msomaji wa Kiswahili, jifunze kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wanaoweza wanapungua kila mwaka, na masanduku bado yapo. Kazi zote mbili za maana nilizopata, nilizipata kwa sababu hiyo. Shahada ilinifikisha mlangoni, lakini aliyenifungulia ni mwalimu wangu wa chuoni aliyenichapa ili nitofautishe nukta.

Kama baada ya kuyasikia haya bado unataka, basi nadhani unataka kweli.

Mwaka jana ami alikuja nyumbani baada ya isha akiwa na kitu amekifunga kwa kitambaa. Kilikuwa daftari la babake, la hesabu za mashua: majina ya wavuvi, uzani wa samaki, deni la kila mmoja, na pembeni, kwa wino hafifu, maneno machache kuhusu pepo na mikondo. Akaniuliza kama lina faida. Nikamwambia lina faida kubwa. Akanywa kahawa yake, akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Lakini kazi bado hujapata." Kisha akaniuliza kama nitalihitaji kulilaza kwenye friza, kwa maana siku hizo nafasi ipo.

Namjibu kwa ubeti mmoja, maana methali hujibiwa kwa lugha yake:

Ami aliniuliza, mla jana kala nini,
Swali nikalichunguza, mijini na safarini,
Jibu lilonituliza, nalikuta sandukuni:
Mla jana alisaza, ndicho kilicho chunguni.